KUARIFIWA SI KUULIZWA

Wengi wetu tuliokulia mijini twazikumbuka sinema za zamani. Mzungu mwenye kofia pana alipompiga risasi mtu aliyevaa manyoya kichwani, ukumbi mzima ulipiga makofi. Hatukuuliza ardhi ile ni ya nani. Hatukuuliza mtu yule alikuwa akilinda kitu gani. Tuliambiwa kwamba anaitwa Mhindi Mwekundu, kwamba ni katili, na kwamba watu wa jamii yake wamekwisha. Tukaamini, tukamshangilia mwenye bunduki.

Basi yafaa leo tulisahihishe kosa hilo. Watu wale hawakuwa Wahindi, na wala hawakwisha. Wana majina yao wenyewe, lugha zao na mabaraza yao, na katika mwaka 2016 walitoa somo ambalo kila mwanachama wetu anapaswa kulijua.

Mwezi wa Aprili mwaka ule, mama mmoja aitwaye LaDonna Brave Bull Allard alifungua kambi katika ardhi yake, mahali Mto Cannonball unapoingia katika Mto Missouri, jimbo la North Dakota, Marekani. Hapo ndipo penye rizavu ya Standing Rock, makao ya Walakota na Wadakota. Mahema yalikuwa machache tu. Waliokuja walikuja kwa jambo moja: kulizuia bomba la mafuta.

Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,886, kutoka visima vya Bakken mpaka Patoka katika jimbo la Illinois. Lilitengenezwa lipitishe karibu mapipa nusu milioni kila siku. Njia yake ilichorwa kupita chini ya Ziwa Oahe, haifiki kilomita moja kutoka mpaka wa rizavu. Na maji ya ziwa lile ndiyo wanayokunywa watu wa Standing Rock.

Sasa sikilizeni, ndugu wasomaji. Mipango ya kwanza ilifikiria njia nyingine, inayovuka mto kaskazini ya Bismarck, mji ambao wakazi wake walio wengi ni Wazungu. Njia hiyo ikaachwa. Katika sababu zilizoandikwa imo hii: kwamba ilikaribia mno visima vya maji ya mji. Maji ya Bismarck yaliogopewa. Ya Standing Rock ikasemwa kwamba hayatadhurika. Bomba ni lilelile, na mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni mnywaji tu.

Mtu akitaka kuelewa hasira ya watu wale, lazima arudi nyuma kidogo. Mwaka 1851, na tena mwaka 1868, Serikali ya Marekani ilitia sahihi mikataba nao pale Fort Laramie. Mkataba wa 1868 ulisema wazi kwamba hakuna kipande cha rizavu yao kitakachotolewa ila kwa sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Haikupita miaka sita ikaonekana dhahabu katika milima ya Black Hills, ambayo kwao ni mahali patakatifu. Mwaka 1877 Bunge la Marekani likaichukua milima ile. Robo tatu haikupatikana, wala haikusubiriwa.

Kesi ya milima ile ikaenda miaka mingi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakiri kwamba watu wale wanastahili fidia, ikathibitisha fedha zipatazo dola milioni 106 pamoja na riba. Nao wakajibu nini? Walikataa kuzipokea. Walisema milima haiuzwi. Fedha zile zimebaki katika hazina ya Serikali, zikizaa mpaka kupita dola bilioni moja, na wenyewe ni watu maskini. Nani kati yetu angeweza? Tujiulize bila ya kujidanganya.

Hata ziwa lenyewe lina historia yake. Halikuumbwa na Mungu. Ni bwawa lililojengwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kazi iliyoanza mwaka 1948. Maji yalipopanda, Standing Rock ilipoteza karibu ekari 56,000, nazo zilikuwa zile nzuri za bondeni, zenye miti, mboga za porini na nyumba za watu. Kikosi kilekile ndicho kilichokaa mwaka 2016 kuamua kama bomba lipite chini ya ziwa hilo. Aliyekugharikisha shamba amekuwa hakimu wa maji yako.

Serikali na kampuni walijitetea kwamba watu wa Standing Rock waliarifiwa, kwamba barua zilipelekwa, kwamba walialikwa katika mikutano. Sawa. Lakini Septemba 2014, karibu miaka miwili kabla ya mashine kuanza kuchimba, viongozi wa Standing Rock waliwaambia watu wa kampuni uso kwa uso kwamba hawalitaki bomba lile. Jibu lilitolewa. Halikufuatwa. Twasema hivi: kumwuliza mtu kisha kulitupa jibu lake si kumwuliza, ni kumwarifu. Na mwenye nyumba haarifiwi katika nyumba yake mwenyewe. Huombwa.

Ndipo watu wakakusanyika. Vijana wao walikimbia kwa miguu, kwa kupokezana, kutoka North Dakota mpaka Washington, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000, wakipeleka karatasi ya sahihi za kupinga. Kambi ikawa kambi kadhaa. Kufika Septemba kulikuwa na maelfu ya watu, na bendera za mataifa ya wenyeji zaidi ya 200 zimesimamishwa kando ya njia. Walakota, Wadakota na ndugu zao huuita umoja wao Oceti Sakowin, maana yake Mioto Saba ya Baraza. Mioto ile ikawashwa tena mahali pamoja. Wakaja hata Wacrow, ambao zamani walikuwa mahasimu wa Walakota katika vita. Hawakuja na mishale, walikuja kusimama nao.

Wito wa kambi ulikuwa maneno mawili ya Kilakota, mni wiconi. Tafsiri yake kila mtoto wa kwetu anaijua: maji ni uhai. Walipika pamoja, walisali, walifungua shule ya watoto, na waliamka kabla ya jua kwenda mtoni kuyaombea maji. Wale waliotaka kuwaita wahuni walikuwa na kazi ngumu.

Lakini mwenye nguvu hapendi kuona mnyonge akisali. Tarehe 3 Septemba mashine za kampuni zililima mahali ambapo siku moja tu kabla yake watu wa Standing Rock walikuwa wameieleza mahakama kwamba pana makaburi na alama za wazee wao. Walipokimbilia kuyazuia, walinzi wa kampuni waliwaachia mbwa, na watu wakaumwa. Usiku wa tarehe 20 Novemba, katika baridi ya kugandisha maji, polisi waliwamwagia watu maji kwa mipira na kuwapiga kwa risasi za mpira na gesi ya machozi. Mamia waliumia. Katika miezi ile zaidi ya watu 700 walikamatwa.

Tarehe 4 Desemba 2016 Kikosi cha Wahandisi kikatangaza kwamba hakitatoa ruhusa ya kupita chini ya ziwa. Kambi nzima ilicheza ngoma katika theluji. Furaha ile ilikuwa fupi. Januari 2017 alishika urais Donald Trump. Februari ruhusa ikatolewa, kambi ikafagiliwa. Na mwezi wa Juni mafuta yakaanza kupita.

Hapo ndipo wanapotokea wale wasemao, “Mnaona? Walikusanyika, wakapigwa, na mafuta yanapita. Faida iko wapi?” Watu hawa tunawajua. Walikuwako hata kwetu. Ndio waliowaambia wazee wetu kwamba kikao cha watu wasio na bunduki ni kelele za chura, na kelele za chura hazimzuii ng’ombe kunywa maji.

Tuwajibu kwa mambo, si kwa maneno matupu. Kwanza, kesi haikufa pamoja na kambi. Machi 2020 jaji mjini Washington aliamua kwamba Kikosi cha Wahandisi hakikufuata sheria ya mazingira, na kwamba uchunguzi kamili ufanywe. Julai mwaka uleule akaamuru bomba lifungwe. Mahakama ya Rufani ilizuia lisifungwe, lakini Januari 2021 ilikubali kwamba ruhusa ya kupita chini ya ziwa ilitolewa isivyo halali. Yaani mahakama za wakubwa wenyewe zimekiri kile ambacho mama wa kambi alikisema akiwa na mahema machache. Pili, hofu yao haikuwa ndoto. Novemba 2017 bomba jingine, liitwalo Keystone, lilipasuka katika jimbo jirani la South Dakota na kumwaga maelfu ya mapipa. Tatu, na hili ndilo kubwa, watu walioambiwa kwamba wamekwisha walijiona kwa macho yao kuwa wako, tena ni wengi. Mtu akishajiona, hawezi tena kufanywa asijione.

Hatusemi kwamba hawakuwa na kasoro. Katika baridi ya Januari 2017 walitofautiana wao kwa wao. Baraza la Standing Rock liliwataka watu waondoke kabla ya mafuriko, wengine wakataka kubaki. Aliye na haki asipokuwa na sauti moja humpa adui nafasi ya kuchagua sauti anayoitaka. Somo hilo pia tulichukue.

Na sisi tunayo sababu ya kuwaelewa kuliko wengi. Septemba 2016 mwenyekiti wa Standing Rock, Dave Archambault, alikwenda Geneva kulieleza Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa habari za maji yao. Tulipoisikia habari hiyo, tulimkumbuka Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walikusanyika, wakachanga, wakamtuma mwenzao. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza. Hakurudi na ardhi mkononi. Wapo waliosema ameshindwa. Lakini aliporudi alizunguka nchi akiwaeleza watu yaliyotokea, na miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa, ilikuta watu ambao masikio yao yalikuwa yamekwisha kufunguka. Mbegu ya Uhuru ilipandwa katika shamba lililonyang’anywa.

Sasa tufike kwetu, maana kumlilia jirani na kuiacha nyumba yako ikiungua si uungwana. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Watu wa Asili, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 144 zilizosema ndiyo. Marekani ilikuwa miongoni mwa 4 zilizosema hapana, ikaja kuliunga mkono miaka mitatu baadaye. Tamko lile linadai kwamba watu waombwe ridhaa, kwa hiari yao, kabla ya kazi kuanza, wakiwa wameelezwa yote. Aliyesema ndiyo New York hawezi kunyamaza Handeni.

Twajua kwamba nchi inahitaji barabara, umeme na mabomba. Kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, imechorwa njia ya bomba la mafuta ghafi ya kilomita 1,443, sehemu yake kubwa ikiwa katika ardhi yetu, na serikali zetu wenyewe ndizo zilizolitaka. Hatusemi lisiwepo. Twauliza swali moja tu: mkulima ambaye migomba yake imo njiani, aliulizwa au aliarifiwa? Beberu alituarifu kwa miaka zaidi ya sabini. Tukiwaarifu ndugu zetu kwa namna ileile, tutakuwa tumebadili bendera na kuacha karani wa zamani mezani pake.

Nasi hatuhitaji kupiga mahema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila ya idhini ya mkutano wa kijiji. Huo mkutano chini ya mwembe ndio kambi yetu. Unakufa pale ambapo wanachama hawaendi, wanapotia sahihi karatasi wasizosoma, wanapomwachia mwenyekiti aseme kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, mwanachama, mkutano ujao uende. Mpeleke mkeo, mpeleke mumeo, wapeleke vijana. Likisomwa jambo la ardhi au la maji, simama uulize lisomwe mara ya pili, polepole. Na kama jibu lenu ni hapana, liandikwe katika daftari la kijiji kwa wino, ili asije mtu kesho akasema kwamba mliarifiwa nanyi mkanyamaza.