Sanduku na Ufunguo

Mwaka 2024, majira ya kuvuna maharage, nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Ngara nikipukuchua, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa namba nisiyoijua. Ulisema kuwa mwalimu fulani, majina yake matatu yakiwa yametajwa, ni mdaiwa sugu na tapeli, na kwamba mimi, nikiwa mtu wake wa karibu, nimwambie alipe kabla ya jioni. Mwalimu huyo nilimfundisha mwenyewe tangu darasa la tano. Sasa anafundisha wilayani Biharamulo. Alikuwa amekopa shilingi 60,000 kwa njia ya simu, akachelewa siku mbili. Ujumbe huo huo ulimfikia mkuu wake wa shule, mashemeji zake, muuza mkaa wake na katekista wa kigango. Siku alipoiweka ile programu ya mikopo, simu ilimwuliza kama anaruhusu orodha yake ya majina isomwe, naye akabonyeza kukubali, kama tunavyobonyeza sote.

Watu walimlaumu. Hakusoma masharti, walisema, na waliosema hivyo hawajapata kusoma masharti yao wenyewe. Mimi, ndugu msomaji, nasimama upande wake. Orodha ile haikuwa hata mali yake peke yake: jina langu lilikuwamo, wala mimi sikuombwa ruhusa na mtu yeyote. Chombo kilichoundwa ili mlango mmoja ukifunguliwa nyumba za majirani wote ziwe wazi ni chombo kibovu, na aliyekiunda ndiye wa kulaumiwa kwanza. Mwezi Novemba mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ilifanya vema. Lakini majina yetu yaliyokwisha kuchotwa hayakurudi, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Hoja yangu ni hii. Habari za mtu ni mali ya mtu. Zikae kwake, anayezihitaji aje aombe, aseme anazitakia nini, aazimwe, na shughuli ikiisha asibaki nazo. Kompyuta na simu tulizo nazo leo zimeundwa kinyume cha hayo, na zinapaswa kuundwa upya.

Nitaambiwa kuwa mzee amestaafu, sasa anaogopa mashine. La hasha. Mimi ni wa kizazi kilichosoma ualimu wakati Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka 1974, na hata wakati ule niliona kuwa tunajinyima. Woga wangu, kama ni woga, niliupata kwa kuona.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa saa 24 hivi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Kabla hatujajua la kufanya, pale Benaco palikuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Mmoja wao alinionyesha kitambulisho chake cha Rwanda. Kilikuwa na picha, na mstari wenye neno "ubwoko", neno ambalo Mhangaza hahitaji mkalimani ili alielewe. Mstari huo uliletwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930. Karani aliyeuandika huenda hakuwa na nia mbaya yoyote. Alikuwa akihesabu watu. Miaka sitini baadaye mstari huo huo ndio uliosomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na Mtutsi aliyekutwa nao aliuawa. Mwenye kadi hakuulizwa ulipoandikwa, na hakuwa na uwezo wa kuufuta.

Hata kambini mambo hayakuwa tofauti sana. Hapo mwanzoni mgao wa chakula ulipitia kwa viongozi wale wale wa zamani, waliokuja na orodha zao za watu, na mwenye orodha ndiye aliyekuwa na mahindi. Basi mtu anaponiambia kuwa asiye na cha kuficha hana cha kuogopa, namwona kama mtoto. Hajui kwamba kinachofichwa na kisichofichwa huamuliwa na msomaji wa kesho, wala si mwandishi wa leo.

Sisemi watu wasiandikwe. Nimeita mahudhurio kwa miaka zaidi ya thelathini. Laini zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, nilipanga foleni kama wengine. Tena karatasi ni ngao kwa aliye nayo mkononi. Ilipokuja Operesheni Kimbunga mwaka 2013, wahamiaji haramu wakitafutwa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, jirani yangu aliulizwa yeye ni wa wapi. Alizaliwa hapa hapa, na baba yake amezikwa hapa. Kilichomwokoa ni cheti chake cha darasa la saba, kilichokuwa chini ya godoro. Kingekuwa katika kabati la ofisi fulani mbali, nani angekwenda kumfungulia usiku ule?

Mjukuu wangu, aliyesomea kompyuta na sasa yuko Mwanza, hakubaliani nami. "Babu," alisema, "godoro linaungua. Simu inaibiwa, inadondoka ziwani. Vitu vyako vikihifadhiwa kwenye mashine za kampuni huko mbali, unanunua simu nyingine na unavikuta vyote." Hapo alinibana, nakiri. Nilinyamaza hadi chai ikapoa.

Kisha nikakumbuka sanduku la baba. Lilikuwa la bati, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kahawa, vyeti vyetu vya ubatizo na barua za mdogo wake aliyekwenda Uganda. Kila aliposafiri safari ndefu alilipeleka misheni, akamwachia padre. Padre alitunza sanduku. Ufunguo baba aliuvaa shingoni. Padre alikuwa mtu mwema, wala baba hakumdhania ubaya. Ila hakuona sababu ya padre kuzijua barua za ndugu yake.

Nilipomwambia hivyo, mjukuu wangu alicheka, akasema jambo hilo linawezekana kabisa. Habari zinaweza kufungwa kwa ufunguo wa tarakimu ndani ya simu yako mwenyewe kabla hazijaondoka, na anayezitunza akaona fujo ya herufi tu. Zaidi ya hayo, Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni mtandao wa kurasa mwaka 1989, alijitokeza mwaka 2018 na mpango aliouita Solid, ambao kila mtu anakuwa na ghala lake, programu zinabisha hodi kwake, na yeye anaruhusu au anakataa, na anaweza kuikatisha ruhusa aliyoitoa. Haya, kama yanawezekana, kwa nini hatunayo? Mjukuu alijibu kwa neno moja: biashara. Kampuni zinazotupa huduma bure hula kwa kutusoma. Padre wa namna hiyo anataka sanduku lako kwa sababu ya barua zilizomo.

Wengine watasema sheria inatosha. Sheria tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Naishukuru. Lakini sheria humfuata mwizi, na kufuli humzuia. Yule mwalimu wa Biharamulo angehitaji wakili na nauli. Kabla ya hapo alihitaji simu ambayo haiwezi kumgawia mkopeshaji majina ya watu mia mbili kwa kubonyeza mara moja.

Nami nina kesi yangu, ambayo sikutaka kuitaja. Nilipougua niliacha kuitumia laini yangu kwa miezi mingi. Ikafungwa, kisha namba ikapewa mtu mwingine. Nilipopona sikulikumbuka neno la siri la mahali nilikoweka maandishi yangu, na kila nikiomba jipya, linatumwa kwenye namba ile ya zamani. Huyo aliye nayo sasa nimempigia. Ni kijana mpole, yuko mbali, haelewi ninachotaka, na sasa hapokei tena. Kampuni yenyewe nimeiandikia mara nne. Hujibiwa na mashine.

Insha tatu za kitabu hiki nimeziandika upya kutoka katika madaftari na kichwani. Ya nne ilimhusu marehemu mke wangu, na niliiandika moja kwa moja katika simu, usiku, wiki ya msiba. Hiyo sijaweza kuirudia. Ipo mahali, nzima, neno kwa neno, na wenye mashine wanaweza kuisoma wakitaka.

Mimi siwezi.