Shoo Haijaisha Mpaka Ufike Kwenu Changamwe

Desemba ikikaribia, mabango huanza kujaa kwenye nguzo za stima kutoka Mikindani hadi Chaani. Msanii huyu yuaja Mama Ngina, yule yuko Nyali, mwingine Mtwapa. Makundi ya WhatsApp yanachemka: nani ana tiketi, tunavaa nini, tunakutana wapi. Swali moja haliulizwi: tutarudije?

Hilo ndilo swali letu sisi wa Changamwe. Shoo kubwa hazifanyiki hapa kwetu. Zikiisha saa nane usiku, mwenzako wa Tudor anajikokota kwa miguu mpaka kwao, lakini wewe una Makupa ya kuvuka. Matatu zimeadimika, nauli imepanda mara tatu, na bodaboda anayekuita humjui.

Najua ninachosema. Mwaka juzi tulienda watano, tukarudi wanne. Wa tano, binamu yangu, tulimpata asubuhi saa mbili ameketi nje ya petroli stesheni, hana simu, kiatu kimoja hakipo, na hakumbuki lolote baada ya soda aliyonunuliwa na mtu asiyemjua. Alikuwa amewekewa mchele. Usiku ule tulirudi langoni kuomba msaada, mlinzi akatujibu, "Huyo ni mtu mzima, atarudi mwenyewe." Lakini ukweli usemwe: hata sisi tulikosea. Kila mmoja wetu alidhani yuko na mwingine.

Kwa hivyo kabla ya shoo, kubalianeni mambo matatu: mahali pa kukutana mtandao ukigoma, saa ya kuhesabiana, na gari la kurudi. Mkichanga pesa za tuktuk au teksi ya mtu mnayemjua mapema, ni nafuu kuliko kubahatisha Mwembe Tayari usiku wa manane. Mliokuja pamoja, ondokeni pamoja. Kinywaji chako fungua mwenyewe, ukikiweka chini kisahau. Na mwenzenu akianza kulegea ghafla kwa glasi moja tu, msicheke wala msimrekodi. Msimwache na "rafiki mpya" anayejitolea kumpeleka nyumbani. Mlazeni kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, kisha piga 1199, laini ya dharura ya Msalaba Mwekundu.

Halafu kuna umati. Wengi hudhani watu hufa kwenye msongamano kwa kukanyagwa. La. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa mpaka pumzi zinakatika. Ndivyo walivyokufa watu 10 kwenye tamasha la Travis Scott kule Houston, Marekani, Novemba 2021. Na si mambo ya ng'ambo tu. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, pale Freedom City jijini Kampala, watu wasiopungua 9 walikufa walipokimbilia nje kutazama fataki. Fataki tu, jamani.

Ukiingia, usitazame jukwaa kwanza, tazama milango ya kutokea. Ukiona huwezi kuinua mkono kujikuna bila kumgusa mwenzako, ondoka mapema, hata kama msanii wako ndiyo anapanda. Ukishabanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usipige kelele ovyo, pumzi unaihitaji. Usishindane na wimbi la watu. Likitulia, sogea kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea pembeni, mbali na ukuta na vyuma. Simu ikianguka, iache.

Kuhusu simu, mwizi wa siku hizi hataki kifaa pekee, anataka M-Pesa na Fuliza yako. Weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini tu. Ikiibwa, azima simu ufunge laini usiku huohuo, usingoje kesho.

Na likitokea lile tusilopenda kulitaja, yaani ubakaji, kosa si la aliyetendewa, hata angekuwa amevaa nini au amekunywa nini. Aende hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia Ukimwi zina muda wake. Asioge kwanza, na nguo zile ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Nambari 1195 haina malipo. Na hospitali isimfukuze majeruhi wa dharura: Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Polisi nao? Kijana wa Changamwe anayetembea usiku ana hofu mbili, mwenye panga na mwenye pingu. Ukikamatwa, usikimbie wala usitukane. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili au mtu wako, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Nawasikia wazee wakisema dawa ni kukaa nyumbani. Hapana. Muziki ni haki yetu na ni kazi ya wenzetu wengi: mafundi wa sauti, madereva, kina mama wa viazi karai. Tena kumwambia kijana ajichunge mwenyewe hakumwondolei mwandaaji mzigo wake. Anayekuuzia tiketi anakudai pesa kabla hujaingia. Nawe una haki ya kumdai milango ya kutosha iliyo wazi, maji ya bure, hema la huduma ya kwanza, walinzi waliofunzwa, na kuacha kuuza tiketi uwanja ukijaa. Kaunti nayo isitoe kibali kabla ya kuuliza watu watarudije makwao. Mabasi machache ya kwenda Changamwe, Likoni na Kisauni baada ya shoo yangeokoa wengi kuliko hotuba.

Nasi tuanze kuuliza. Wakitangaza shoo, usiandike tu "nani anaperfomu?" Andika pia, "Milango ni mingapi? Ambulensi ipo?" Asiyejibu hilo, tiketi yake ibaki kwake.

Binamu yangu mwaka huu anataka kwenda tena. Tutaenda naye. Watano, na turudi watano.