Ua zuri lenye kufunga ziwa



Juma hili tuongee juu ya gugu maji, lile jani lenye kuelea ambalo wengi wetu tumelipenda kwa macho. Ua lake ni zambarau. Watoto wanalichuma, na sisi wenyewe tunalitia ndani ya beseni mbele ya nyumba. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilienea katika Mto Kongo miaka ya 1950, na ndugu zetu wa kule wanaliita «Kongo ya sika», yaani Kongo mpya.

Kwenye maji yenye joto na uchafu mwingi, linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Linafunika maji kama mkeka. Mwanga hauingii, na majani yanayooza yanamaliza hewa ya samaki. Mitumbwi inakwama. Konokono wa bilharzia na mbu wanapata makao. Mama akishuka na bidoni yake, anakuta maji yananuka.

Majirani wetu wa Ziwa Victoria wanalijua vizuri. Karibu na mwaka 1998 lilifunga sehemu nyingi za kando ya ziwa. Walileta wadudu wadogo wenye kulila, likapungua sana. Lakini kule Kisumu linarudi tena na tena, kwa sababu mbegu zake zinalala ndani ya matope miaka mingi.

Basi sisi wa kando ya Tanganyika tusingoje ndagala wapungue sokoni ndipo tuamke. Tufanye haya matatu:

Kwanza, tusilipeleke nyumbani, na lililo nyumbani tusilitupe mtoni. Tulianike juani likauke kabisa.

Pili, tukiliona lingali kidogo, tuling'oe na mizizi yake kabla ya kutoa mbegu. Kazi hiyo ni ya watu wazima, watoto wabaki inchi kavu.

Tatu, tulinyime chakula. Chakula chake ni takataka na udongo ambao mvua inateremsha toka vilimani. Tupande miti na majani kwenye miteremko, na takataka zisitupwe tena ndani ya mifereji.

Salongo ijayo, tukimaliza kufagia barabara, tushuke wote mpaka kando ya maji tukaangalie. Leo kikundi kimoja cha wamama kinaweza kuling'oa. Likishafunga ziwa, hatutaliweza kwa mikono.