Papasi hajali kadi ya chanjo!

Msomaji wangu, kule Ulaya watu wanahesabiana miaka ya sindano. Misituni kwao kuna kupe anayeambukiza homa ya ubongo, na chanjo yake ipo: sindano 3 za kuanzia, nyingine baada ya miaka 3, halafu kila miaka 5. Waswisi wao wanasema 10 inatosha. Homa ya manjano ndiyo kiboko, maana tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha.

Haya, turudi Tabora. Mdudu wetu hapa ni papasi, yule wa nyumba za udongo. Mchana kajificha kwenye ufa, usiku anatoka, ananyonya damu na kurudi zake wewe bado unakoroma. Chanjo ya homa yake inadumu miaka mingapi? Hata ya siku moja haipo, bwana!

Na si mgeni wa jana. Enzi za misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, wapagazi walilala kambi zilezile, yeye akiwasubiri. Anaweza kukaa miaka bila kula! Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch alimchunguza humu nchini, akakuta vijidudu hadi kwenye mayai yake. Mwaka huohuo daktari Mwingereza Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo Kongo, alikufa nayo huko Kasongo. Kijidudu kikapewa jina lake.

Ujanja wake ni huu: homa inapanda siku chache, inashuka yenyewe, baada ya wiki hivi inarudi. Mwili ukishakitambua kijidudu, chenyewe kinabadili shati. Mgonjwa aliyemeza dawa ya malaria anajisifu kapona. Wapi! Na kuugua mara moja si kinga ya maisha. Mjamzito ndiye yuko hatarini zaidi, mimba inaweza kutoka.

Kwa hiyo homa ikirudi, achana na vidonge vya kubahatisha. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kijidudu hiki. Omba damu ikaangaliwe kwa darubini homa ikiwa juu, na mwambie daktari umelala nyumba gani. Dawa ipo, inaponya. Nyumbani ziba nyufa, sakafu ipigwe saruji, kitanda kikae mbali na ukuta na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Leo kabla ya kulala, hebu mulika tochi ukutani. Tukutane wiki ijayo!