Kijana Asiachwe Mlangoni

Yamefanyika mengi visiwani mwetu kwa ajili ya vijana, na asiyeyaona amefumba macho kwa makusudi. Elimu bila ya malipo ilitangazwa Septemba 23, 1964. Vituo vya mafunzo ya amali vipo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa upande wa Unguja, na Vitongoji kwa upande wa Pemba. Lipo Baraza la Vijana lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ipo mikopo ya uwezeshaji, na ipo tiba kwa walionaswa na dawa za kulevya. Hata hivyo, twashuhudia jambo la kusikitisha: kijana aliyekusudiwa hasa kwa mambo hayo, yule asiye na mbele wala nyuma, ndiye asiyeyafikia.

Tuchukue mfano wa msichana wa shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, yatima wa baba, aliyeacha skuli akiwa kidato cha pili. Anataka kujifunza ushoni. Ataulizwa cheti cha kuzaliwa, naye alizaliwa nyumbani na mkunga aliyemzalisha ameshafariki. Atamwendea sheha kuomba barua. Sheha yuko mkutanoni wilayani. Akiipata barua, atapanda gari, na nauli ya kwenda na kurudi ni jasho la mama yake katika shamba la mwani. Ofisi ya kwanza itamwambia arejee wiki ijayo. Ya pili itamwuliza mbona hakuja na mzazi. Ya tatu itamwonyesha kwamba jina la babu katika barua haliwiani na lile lililomo katika cheti cha skuli.

Hakuna aliyemkatalia. Kila ofisa amefuata utaratibu wake barabara. Lakini mara ya nne msichana huyo hatokei tena, na hakuna daftari litakaloonyesha kwamba ameshindwa, kwa kuwa hakuna lililoandika kwamba alianza.

Mtoto wa mwenye nacho hayamfiki hayo. Ana ami yake wizarani, au shangazi anayemjua karani, na simu moja humaliza kazi ya wiki tatu. Hilo si kosa la mtoto huyo, wala la shangazi yake. Kosa ni letu sote, kuendelea kudhani kwamba kila kijana anaye mtu wa namna hiyo.

Rai yetu ni kwamba Serikali iweke katika kila wilaya watumishi wachache ambao kazi yao iwe ni hiyo tu: kumsindikiza kijana. Wazee wetu wa baharini walimwita rubani yule mjuzi wa miamba aliyepanda chomboni kukiingiza bandarini, kabla ya jina hilo kuchukuliwa na waendeshaji ndege. Hakuwa mwenye chombo wala mwenye shehena. Alijua njia, basi. Mtumishi tunayemtaka ni wa sampuli hiyo. Amjue kijana kwa jina, ajue ofisi zipi zinataka karatasi zipi, afuatane naye, akae naye katika foleni, na ikibidi amsemee kwa adabu mbele ya meza. Na kijana akishaandikishwa chuoni asimwache. Wengi huanguka mwezi wa pili au wa tatu, nauli inapokatika, au mjomba anaposema mwali amekaa nje ya nyumba kupita kiasi. Kwa ajili hiyo ni lazima baadhi ya watumishi hao wawe wanawake, wenye heshima katika vijiji, ambao baba atakubali kuwafungulia mlango na kuwasikiliza.

Katika tiba ya dawa za kulevya haja hii ni dhahiri zaidi. Matibabu ya methadoni yalianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Mgonjwa aanzaye dawa hiyo hutakiwa kuinywa kila siku, mbele ya mhudumu. Kijana wa mashamba, asiye na kazi, ambaye jamaa zake wamekwisha kumkatia tamaa, ahudhurie kila siku kwa nauli ya nani? Na siku asipoonekana, nani atakwenda kumuuliza?

Mfano wa kufuatilia tunao hapa hapa. Wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba, kuwaangalia wajawazito na watoto wadogo. Basi mtu huyo huyo aliyepimwa na kufuatiliwa akiwa mchanga, afikapo miaka 16 hapana anayeujua mlango wake. Afikapo 18 hali huwa nzito zaidi, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mtoto aliye chini ya umri huo tu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, kijana aliyelelewa chini ya mamlaka za serikali anaweza kuwa na mshauri wake hadi atimize miaka 25. Nchi hiyo ina fedha kutuzidi, tunakiri. Lakini kujua kwamba utu uzima hauingii kwa usiku mmoja hakuhitaji fedha.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya masheha. Masheha wanayo migogoro ya ardhi, ndoa zinazovunjika, wageni wa kuandikishwa na barua zisizokwisha. Kuwaongezea hili ni kulitupa. Wapo pia wasemao vijana wa leo ni wavivu, wanataka kutafuniwa. Maneno haya tumeyasikia mno barazani, na mara nyingi husemwa na watu ambao wenyewe walishikwa mkono. Kijana aliyetembea mara tatu kufuata barua moja si mvivu.

Tahadhari yetu ni mbili. Watumishi hao wasiwe wa kujitolea, maana anayejitolea huondoka apatapo kibarua hotelini Nungwi au Paje, na kijana aliyekwisha kuachwa na wengi humwumiza sana kuachwa tena. Wala wasigeuzwe mlango mwingine wa kubisha: ikifika siku ofisi ikamwambia kijana hahudumiwi bila ya kuja na msindikizaji, tutakuwa tumeongeza foleni kwa fedha ya umma.

Baraza la Wawakilishi litakapokaa tena Chukwani kupitia makadirio ya matumizi, tungependa kuliona fungu la kazi hii likitajwa kwa jina lake, japokuwa ni kwa wilaya mbili tu za kuanzia. Sisi tungeanza na Micheweni na Mjini.