Mama, Pakua na Sahani Yako

Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake. Sisi tunaotazama kando twauona mwepesi. Mfano ulio wazi wa methali hii ni mama mja mzito. Twamwona akipita na ndoo kichwani, mtoto mdogo akimshika kanga kwa nyuma, nasi twasema, "Huyu ana nguvu kweli." Pengine anazo. Pengine hana, ila hana wa kumwambia.

Akina mama wapenzi, juma hili tuzungumze mambo mawili: chungu cha mama mja mzito, na kazi za mikono yake. Nawe baba, usiufunue ukurasa huu upesi. Nusu ya maneno yake ni yako.

NANI HULA MWISHO?

Tazama jikoni wakati wa jioni. Mama amepika. Bwana hupakuliwa kwanza, tena sehemu iliyo nzuri. Kisha hupakuliwa mgeni, kisha watoto. Mwisho mama hukwangua chungu: ukoko wa ugali na mchuzi usio na kitu. Hasemi neno, maana ndivyo alivyomwona mama yake akifanya.

Lakini sasa ndani yake mna mtu wa pili. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka, karibu nusu tena ya ile aliyokuwa nayo. Damu hiyo hutoka wapi? Hutoka katika chakula, na hasa katika chakula chenye madini ya chuma. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye mimba, 57 walikuwa wamepungukiwa damu. Ni zaidi ya nusu! Mama wa namna hiyo huchoka upesi, kichwa humzunguka, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo tu. Siku ya kujifungua ikifika, damu ambayo mwenzake angeweza kuipoteza na kupona, yeye yaweza kumwua. Na mtoto wake huenda akazaliwa kabla ya wakati, au akiwa mdogo mno.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili. Upakuapo, pakua sahani zote kwa wakati mmoja, na yako iwemo. Usingoje kitakachobaki. Kama kuna samaki mmoja, mgawe kabla watu hawajaanza kula, si baada yake. Huu si ulafi, wala si kumvunjia bwana heshima. Je, bwana mwenye akili angependa kula minofu leo, na kesho amzike mkewe? La, hasha.

Wengine husema mja mzito hana budi kula chakula cha watu wawili. Sivyo. Miezi mitatu ya kwanza ale kama kawaida, mradi ale vizuri. Baada ya hapo aongeze kidogo kila siku: bakuli la uji wenye karanga saa nne asubuhi, au kiazi na maziwa kabla ya kulala. Hiyo yatosha.

DAWA IKO SHAMBANI

Usifikiri chakula cha mja mzito ni cha kununua mjini. Mama wa Dodoma ana mlenda na karanga. Mama wa kando ya Ziwa Victoria ana dagaa. Mama wa Kagera ana ndizi na maharage, na msimu ukifika ana senene. Mama wa Mtwara ana korosho na kisamvu. Karibu kila mahali pana mchicha, matembele, kunde, papai na embe. Ulezi nao hutoa uji mzuri wa kujenga mifupa. Kazi ni kujua namna ya kuvitumia.

Kwanza, mboga za majani na maharage vina madini ya chuma, lakini mwili huyapokea kwa shida kidogo. Vikiliwa pamoja na tunda chachu, mwili huyapokea vizuri zaidi. Basi kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa, papai au embe palepale baada ya chakula.

Pili, chai huyazuia madini hayo. Sikuambii uache chai. Nakuambia usiinywe pamoja na chakula chako cha mboga na maharage, wala usimezee vidonge vya kuongeza damu. Ngoja kama saa moja au mbili, ndipo unywe.

Tatu, tumia chumvi yenye madini joto, maana bila madini hayo ubongo wa mtoto haukui sawasawa. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Nne, kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Nyama na mayai viive kabisa, na maziwa yachemshwe. Ini huongeza damu, lakini lisiwe la kila siku; kipande mara moja kwa juma chatosha.

Na mayai je? Mahali pengine mja mzito huambiwa asile mayai, ati mtoto atazaliwa hana nywele. Nywele za mtoto hazihusiani na mayai hata kidogo. Yai ni chakula cha kujenga mwili, tena kuku tunaye uani. Twauza mayai yote gulioni, kisha twanunua soda! Kati ya mayai matano, uza matatu.

PISHI LA JUMA HILI: MCHICHA WA DAGAA NA KARANGA

Pishi hili latosha watu sita. Tafuta dagaa wakavu vikombe 2, karanga kikombe 1, mchicha mafungu 3, nyanya 3, kitunguu 1, mafuta vijiko 2, chumvi na ndimu.

Chagua karanga moja moja. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe mbali, hata kuku usiwape. Zina sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, basi tusiifanyie mchezo. Karanga nzuri zikaange kidogo, uzitwange ziwe laini.

Toa dagaa vichwa, uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe. Osha mchicha kabla ya kuukata, si baada yake. Kaanga kitunguu, tia dagaa, kisha nyanya, ufunike mpaka ziive. Koroga karanga katika vikombe 2 vya maji, umimine humo. Punguza moto na ukoroge kwa dakika 10, maana karanga huungua upesi. Tia mchicha na chumvi, ngoja dakika 5, epua. Usiuchemshe mpaka ugeuke rangi, wala usimwage maji yake. Nguvu yote imo humo. Ndimu ikamuliwe mezani.

KICHEFUCHEFU, UDONGO NA POMBE

Miezi ya mwanzo chakula huchukiza. Harufu ya mafuta tu yamtoa mama jikoni. Basi asijilazimishe kula sahani nzima mara moja. Ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na asubuhi aanze na kitu kikavu kabla ya kuinuka, kama kipande cha muhogo wa kuchoma au kiazi. Akitapika hata maji hayakai tumboni, asingoje, aende zahanati.

Hamu ya udongo nayo yafahamika. Wengi hula wa kichuguu, wengine hununua ule wa sokoni. Mama, udongo waweza kukuletea minyoo, na waweza kuyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tena mara nyingi hamu hiyo huja pamoja na upungufu wa damu. Usione haya, mwambie muuguzi akupime.

Pombe acha kabisa. Mbege, ulanzi, komoni, zote ni pombe, na mtoto aliye tumboni hunywa pamoja nawe.

Kila Kwaresima huulizwa kama mja mzito amefungwa na mfungo. Tangu zamani Kanisa humsamehe mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha. Ukitaka kutoa sadaka, toa kitu kingine. Usitoe chakula cha mtoto wako.

KAZI GANI IFAE, KAZI GANI IACHWE?

Mja mzito si mgonjwa wa kulala kutwa. Kutembea humfaa, na kazi nyepesi humchangamsha. Lakini kazi si zote sawa. Ndoo kubwa ya maji, mzigo wa kuni, gunia la mahindi, kulima juani kutwa nzima: hizi zipunguzwe mapema, na miezi ya mwisho ziachwe kabisa.

Moshi wa jikoni nao ni adui. Watoto wa mama wanaopika katika moshi mwingi huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Hali ya hewa ikiruhusu, pikia nje. Ndani, toboa dirisha juu ya meko na utumie kuni zilizokauka. Loweka maharage tangu jioni, mwaga maji yale, uyabandike kwa maji mapya. Yataiva upesi, kuni chache, moshi mchache. Keti kigodani unapochambua mboga. Hakuna sheria isemayo mama apike kwa kuinama.

Sasa, akiacha jembe afanye nini? Hapa ndipo wengi hushindwa. Mama aliyezoea kazi akikaa bure, mawazo humjia: Je, nitajifungua salama? Je, yaliyompata fulani yatanipata mimi? Mikono ikiwa na kazi, moyo hutulia. Basi suka ukili, mkeka ukue kidogo kidogo. Darizi vitambaa, au fuma sweta la mtoto. Panda tuta la mchicha karibu na jiko na ulimwagilie kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Baada ya majuma matatu au manne utaanza kuchuma. Tayarisha na mfuko wa kwenda kujifungulia: kanga safi, nguo za mtoto, sabuni, beseni. Kwingine watu huogopa kutayarisha nguo kabla ya mtoto kuzaliwa, wakisema ni mkosi. Mkosi ni kufika zahanati usiku wa mvua huna hata kitambaa.

Ukichoka, pumzika bila kuomba radhi. Mchana jilaze kidogo, na miezi mitatu ya mwisho lalia ubavu, usilale chali.

USIACHE KLINIKI

Chakula hakishiki nafasi ya kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama ahudhurie si chini ya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla majuma 12 ya mimba hayajapita. Huko hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, dawa ya kukinga malaria, dawa ya minyoo kwa wakati wake, na hupimwa damu. Vidonge hivyo hugeuza choo kiwe cheusi. Usiogope na usivitupe.

Lakini ukiona mambo haya, usingoje siku ya kliniki: damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, au mtoto kuacha kucheza. Nenda siku ile ile, hata kama ni usiku.

NENO KWA BABA

Baba, maji ya nyumbani si ya wanawake tu. Baiskeli yako yaweza kubeba madumu mawili kabla hujaenda shambani, na kijana wako wa miaka kumi na miwili hatapungukiwa kitu akishika ndoo. Jirani wakicheka, waache wacheke. Weka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya gari au pikipiki ya siku hiyo, na ukubaliane mapema na mwenye chombo. Na leo jioni, chakula kikiletwa, kabla hujanawa mikono, uliza swali moja tu: "Mama, sahani yako iko wapi?"

Asipokuwa nayo, gawa ya kwako.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maziwa ya mama na siku za kwanza za mtoto.