Kipimo Kilichotudanganya Majini

Juzi mzee mmoja alinisimamisha mlangoni pa ofisi ya parokia, akaniuliza: "Karani, mashine ya pipa langu la samaki yasema maji yana digrii 28, lakini nikitia mkono naona baridi. Nisadiki lipi?"

Nikamjibu: "Mzee wangu, sadiki mkono. Lakini kwanza chomoa umeme, ndipo uutie majini."

Nilijua nisemalo, maana hasara hiyo nimeionja. Mwaka 2022 sisi majirani sita tulichanga fedha, tukanunua pipa, hita ya umeme na mashine ya kutawala joto, ili tuangue mayai ya kambale na kuuza vifaranga. Katika digrii 28 mayai hayo huanguliwa kwa siku moja hivi. Katika digrii 20 huchukua siku mbili na zaidi, na mengi huharibika. Kundi la kwanza lilitoka vizuri. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi yetu ya milimani, tuliamka tukakuta mayai yote yameota ukungu mweupe. Mashine yasema 28, maji ni baridi kabisa. Karo ya watoto wetu ikamwagwa pamoja na maji yale.

Sababu ni hii. Kipimo kinachokaa majini ni kijichuma kama kifuniko cha kalamu, chenye waya nyuma. Ndani yake mna punje ndogo ipitishayo umeme kwa wepesi zaidi kadiri joto linavyopanda. Maji yakipenya ndani, umeme hupata njia ya mkato, na mashine hudhani kwamba joto limezidi. Basi huzima hita, na samaki hupoa.

Je, maji huingilia wapi? Si katika chuma, bali pale waya unapoingia. Hewa ya ndani hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Inaponywea huvuta maji kidogo kidogo. Kwa hiyo kipimo kipya hufanya kazi vema kwa majuma kadhaa, kisha huanza uongo.

Watu wengine hupaka silikoni. Ile yenye harufu ya siki haifai, maana hula shaba ya waya. Gundi ya kuchanganya ni bora, lakini nayo huachana na ganda la waya baada ya muda. Dawa ya kudumu ni kutokukizamisha kipimo chenyewe. Tafuta bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, fundi alichomelee chini lisivuje hata tone. Lisimamishe pipani, mdomo wake uwe shibiri moja juu ya maji. Tia ndani kidogo ile dawa ya kupitisha joto ambayo mafundi wa kompyuta hupaka, kisha shusha kipimo mpaka chini. Funika mdomo. Waya nao uning'inie kama upinde kabla ya kupanda kwenye mashine, ili matone yadondoke hapo.

Hata hivyo, kila juma kijaribu. Tia maji vuguvugu kikombeni, yasizidi digrii 40. Weka humo kipimo cha mashine pamoja na kile cha kupimia homa, ungoje dakika tano. Vikipishana zaidi ya digrii moja, kitupe cha mashine, ununue kingine. Bei yake ni ndogo kuliko kundi moja la vifaranga.

Yule mzee alichomoa umeme, akatoa kipimo, akakata waya wake: tone la maji likamdondokea kiganjani. Sasa ana bomba, na kambale wake wameanguliwa. Nawe msomaji, ukiwa na pipa kama hilo, usingoje ukungu mweupe. Kajaribu kipimo chako leo jioni.